Marudio Yaitwe Marudio



Yawezekana baadhi yenu mtashangaa kumwona mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu aliyekwisha kuvuka miaka hamsini na ambaye elimu yake ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu, akishika kalamu kuandika habari za kadi ndogo za picha za wanyama. Mtauliza: Je, mwalimu huyu amekosa la kusema juu ya Sala na Zaka hata atuletee vitu vya kuchezea watoto? Nami nawajibu kwamba kadi hizo zilinijaribu kwa muda wa siku nne, na zilikaribia kunishinda. Na kijana mmoja niliyemsomesha zilimpotezea fedha aliyoichimba ardhini kwa jasho lake. Jambo likimgusa mtu katika mali yake na katika uaminifu wake, halina mchezo tena. Basi nisikilizeni.

Kwanza yafaa nieleze kadi hizi ni kitu gani. Katika karne ya 19 wauza sigara wa Marekani walikuwa wakitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya kila pakiti ili sigara zisipondeke. Baadaye wakaona ya kuwa karatasi hiyo haina haja kukaa tupu. Wakaitia picha, wakaipa namba, na hapo ndipo ulipoanza mtego. Kwani mtu akiwa na namba 1 na namba 3, moyo wake hautulii mpaka aipate namba 2, naye hununua pakiti nyingine si kwa haja ya kilichomo bali kwa haja ya karatasi. Huko Ulaya kampuni ya Liebig, iliyouza mchuzi mzito wa nyama, ilianza kutoa kadi zake katika miaka ya 1870, nyingi zikiwa sita sita kwa kila seti. Na kampuni ya chai ya Brooke Bond, ambayo sisi wa Afrika ya Mashariki twaijua kwa mashamba iliyokuwa nayo Kericho huko Kenya na Mufindi hapa kwetu, ilianza kutia kadi katika pakiti za chai huko Uingereza mwaka 1954 kwa seti ya ndege 20, wala haikuiacha desturi hiyo mpaka mwaka 1999.

Mwaka 1961 kampuni hiyo ilitoa seti ya wanyama pori wa Afrika. Ilikuwa na kadi 50, na picha zake zilichorwa na Mwingereza Charles Tunnicliffe, fundi mashuhuri wa kuchora ndege na wanyama. Hiyo ndiyo seti yenye kisa changu.

Baba yangu mdogo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja huko Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, katika miaka ile ya mwanzo wa Uhuru. Watu wa nyumba ile walikuwa wakiletewa chai kutoka kwao, na watoto wao wakazikusanya kadi hizo katika kopo la biskuti. Siku walipofunga safari ya kurudi Uingereza walimwachia baba mdogo kopo lile pamoja na sufuria mbili na koti. Sufuria zilitoboka, koti likaliwa na nondo, lakini kopo likabaki.

Mimi nilizaliwa baadaye, na katika miaka ya 1970 nilipokuwa mtoto kijijini kwetu upande wa Kishapu, kopo lile ndilo lililokuwa kitabu chetu. Marehemu baba hakupenda picha zitundikwe ukutani, nasi hatukuzitundika. Lakini baada ya kula usiku, baba mdogo alikuwa akitoa kadi moja, huiweka karibu na taa, nasi humtaja mnyama kwa Kisukuma kisha kwa Kiswahili. Kadi yenyewe haikuwa kubwa kupita vidole viwili vilivyoshikamana. Mbele ilikuwa na picha, na nyuma maneno ya Kiingereza yaliyopigwa kwa wino wa buluu. Kulikuwa na kadi 43. Saba hazikuwamo. Baba mdogo alituambia ya kuwa watoto wale wa Kizungu walizingojea kadi saba hizo katika kila pakiti ya chai mpaka siku ya kupanda ndege, nazo hazikutokea. Sisi nasi tukazingojea, ijapokuwa chai yetu ilikuwa ya kupimiwa kwa kijiko dukani na haikuwa na kadi yo yote.

Alipozeeka, baba mdogo aliniita akanipa kopo lile kwa mkono wake mwenyewe. Hakuniambia lina thamani gani, wala mimi sikuuliza. Nilipohamia Mwakitolyo kusomesha nilikwenda nalo, nikaliweka juu ya kabati la misahafu.

Wasioijua Mwakitolyo niwaeleze kwa kifupi. Ni kata iliyo katika wilaya ya Shinyanga, na watu wengi wameijua kwa sababu ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Vijana hushuka katika maduara kwa kamba, hutoa mawe, mawe husagwa katika makarasha yanayonguruma mchana kutwa, kisha unga wake huoshwa mwaloni na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanga unaobaki baada ya kuoshwa hautupwi. Huo huitwa marudio, nao huuzwa kwa wenye matangi ya kuchenjulia, ambao huyatia dawa na kutoa dhahabu ndogo iliyokuwa imebaki. Neno hilo la marudio, wasomaji wangu, liwekeni akilini, maana ndilo lililonifumbua macho.

Mwezi mmoja kabla ya mvua, alinijia kijana niliyemsomesha tangu alifu mpaka akahitimu juzuu ishirini. Ni kijana mwema, lakini ni kama vijana wengi wa machimboni: leo ana laki nne mfukoni, kesho anakopa nauli. Aliniamkia, nikamwitikia, akatoa simu yake.

"Ustadhi," akasema, "lile kopo lako ni duara lenye dhahabu, nawe umelilaza juu ya kabati."

Akanionyesha habari ya kadi moja ya Marekani, yenye picha ya mcheza besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa mwaka 1952 na kampuni ya Topps pamoja na ubani wa kutafuna. Kadi hiyo iliuzwa mnadani mwezi wa Agosti mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Nami habari hiyo nilikuja kuihakikisha kwa mpwa wangu aliyesoma Mwanza, nayo ni kweli. Kijana akaniambia ya kuwa yeye naye amekwisha kufanya akili: ameuza sehemu yake katika duara, akapata sh. 400,000, na fedha zote ameagizia kadi za wanyama wa Afrika, seti 30 zilizotimia, kila moja kadi 50, za mwaka 1961. "Nitaziweka miaka mitano," akasema, "kisha nitajenga."

Nilimwombea heri. Lakini usiku ule, kusema kweli, nililishusha kopo langu nikalipangusa vumbi.

Mzigo ulifika baada ya wiki tano kwa basi kutoka Mwanza. Kijana akauleta kwangu, tukaufungua juu ya mkeka. Picha zilikuwa zile zile, simba yule yule na twiga yule yule, nami nikafurahi kama mtoto. Kisha nikaigeuza kadi moja. Nyuma yake maneno yalikuwa yale yale, lakini wino ulikuwa mweusi. Nikatwaa ya kwangu, nikaiweka kando ya ile. Ya kwangu buluu, ya kwake nyeusi. Tukageuza ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote nyeusi.

Tulimpigia simu mpwa wangu, tukampelekea picha za kadi zote mbili, naye baada ya kusoma akatueleza. Kadi za kwanza, zile zilizotiwa katika chai tangu mwaka 1961, nyuma yake zilipigwa kwa wino wa buluu. Baadaye, katika miaka ya 1970, kampuni yenyewe ilizichapa tena baadhi ya seti zake za zamani, hii ikiwa mojawapo, kwa ajili ya watu waliotaka seti iliyotimia bila ya kunywa chai debe zima. Hizo zilipigwa kwa wino mweusi ili zijulikane. Haikuwa ghushi, maana mwenye mali alichapa mali yake na akaweka alama. Mpwa wangu akamwomba kijana lile tangazo alilonunulia, akalisoma. Mwuzaji alikuwa amesema kweli tupu: aliandika kwamba kadi hizo ni za chapa ya marudio. Kijana hakuyasoma maneno hayo, maana Kiingereza chake ni kidogo. Aliona picha, akaona mwaka 1961, moyo ukamaliza mengine.

Hapa yafaa tusimame kidogo tujifunze jambo hili la thamani, kwani vijana wengi huambiwa siku hizi ya kuwa kitu cha kale ni akiba, wala hawaambiwi kwa nini.

Kadi ile ya mwaka 1952 haikupata bei kwa sababu ya picha yake. Ilipata bei kwa sababu zilizobaki ni chache. Kampuni ya Topps ilipoona kadi za mafungu yake ya mwisho ya mwaka ule hazinunuliwi, ilizirundika ghalani, na mwaka 1960 ikazitupa baharini, mashua nzima. Wakati ule zilikuwa takataka. Mwaka 1983 kampuni hiyo hiyo iliichapa seti ile upya, nayo ina Mantle yule yule na rangi zile zile. Wako watu waipendao na kuitafuta hiyo ya 1983, lakini hakuna atakayetoa mamilioni ya dola kwa ajili yake. Picha ni moja, bei ni mbali kama mbingu na ardhi. Tena hata kadi ile ya zamani ikikunjika pembe au ikipata doa, bei yake huporomoka.

Na tazama kisa cha pili. Katika mwaka 1993 ulizuka Marekani mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering. Siusifu mchezo huo. Nataja biashara yake tu. Watu wakazishika karata za kwanza kama akiba. Mwaka 1995 kampuni ikazichapa tena zaidi ya karata mia moja za zamani, na zilizokuwa za bei kubwa zikashuka mara moja. Walioweka akiba wakapiga kelele, hata mwaka 1996 kampuni ikalazimika kutoa orodha ya karata ilizoahidi kutozichapa tena. Hapo twaona ya kuwa mwenye kuweka akiba yake katika karatasi ameiweka mkononi mwa mwenye mtambo. Mwenye mtambo akiamka kesho na kuchapa tena, akiba imepungua hali umelala.

Kadi za chai nazo, hata zile za buluu, zilichapwa kwa mamilioni na zimejaa katika makopo ya nyumba za Uingereza. Basi hata kopo langu halikuwa duara la dhahabu. Lilikuwa na bei, lakini bei ya kawaida.

Hata hivyo, kurudiwa kwa kitu si aibu daima. Mwalimu wangu wa chuoni kule Tabora alikuwa na sarafu moja kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, iliyoandikwa mwaka 1780. Sarafu za namna hiyo zilitumika Unguja, Omani, Uhabeshi na pwani yetu yote. Malkia yule alikufa mwaka huo huo wa 1780, lakini sarafu iliendelea kupigwa baada yake, kwa tarehe ile ile, si Vienna tu bali baadaye hata London, Roma na Bombay. Wafanyabiashara hawakulia kwamba wamedanganywa. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wakinunua fedha iliyomo ndani yake, na uzito wa fedha ulikuwa ule ule. Basi kanuni ni hii: ikiwa thamani imo katika kitu chenyewe, marudio yake yatakufaa sawasawa, lakini ikiwa thamani imo katika uchache wake, marudio yake hayana thamani hiyo, japokuwa macho hayaoni tofauti.

Sasa nirudi kwenye mtihani wangu.

Kijana alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alinijia na habari. Kulikuwa na mgeni mjini Shinyanga, mzee wa Kizungu aliyezaliwa Mwadui, aliyekuja kupatazama mahali pa utoto wake. Dereva aliyemchukua alimsimulia habari za kopo langu, na mzee yule akasema kwamba alikuwa akizikusanya kadi hizo alipokuwa mtoto, naye yu tayari kuinunua seti ya zamani iliyotimia kwa fedha itoshayo mabati 4.

Nanyi mfahamu, wasomaji wangu, ya kuwa upepo ulikuwa umeng'oa mabati 4 ya chuo changu, upande wa watoto wadogo, na mvua zilikuwa mlangoni.

"Ustadhi," kijana akaniambia kwa sauti ndogo, "wewe unazo 43, mimi ninazo zile 7 zinazokosekana. Tukizichanganya, nani atageuza kadi 50 moja moja? Na fedha zenyewe si za mfukoni, ni za chuo."

Laiti ningemkemea papo hapo, ningekuwa na hadithi nzuri zaidi ya kuwasimulia. Sikumkemea. Nilisema, "Ziweke hapo, nitafikiri." Alipokwenda zake nilizitwaa zile kadi saba nikazipanga katika kopo kila moja mahali pa namba yake, nyeusi baina ya buluu, nikafunika. Nikajiambia ya kuwa mzee yule atafurahi, watoto hawatalowa, na hakuna atakayedhurika. Siku nne kopo lile lilikaa hivyo juu ya kabati la misahafu, nami nikawa napita mbele ya kabati bila kuliangalia.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Nilipokuwa nikitoka msikitini nilipita njia ya mwaloni, nikakuta watu wamekusanyika kwa ugomvi. Mtu mmoja alikuwa ameuza mifuko ya mawe yaliyosagwa, na mnunuzi alipotia mkono mpaka chini akakuta juu tu ndiko kuliko na mawe mapya. Chini yake yote yalikuwa marudio. Yule mwuzaji akajitetea kwamba hata marudio yana dhahabu, kwa hiyo hakumwibia mtu. Mzee mmoja wa pale machimboni, mtu asiyejua kusoma, akamjibu: "Hakuna aliyesema marudio si mali. Sote hapa twayauza na twala kwayo. Lakini ukiuza marudio, yaite marudio."

Nilisimama pale nimeganda. Kwani mara ngapi nimewasomesha watoto kisa cha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikapata majimaji chini yake? Mwenye nafaka akasema mvua ndiyo iliyoilowesha. Naye Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Nimekisomesha kisa hicho miaka thelathini. Na kumbe rundo lenye ukavu juu na maji chini lilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kopo la biskuti. Tena angalieni, Mtume hakumlaumu mtu yule kwa kuwa nafaka yake imelowa. Nafaka iliyolowa hununuliwa kwa bei yake. Alimlaumu kwa kuificha.

Nikarudi nyumbani, nikamwita kijana, nikazitoa zile saba mbele yake. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Ulinijia na kosa la siku moja, nami mwalimu wako nikalilea kwa siku nne." Aliinamisha kichwa, wala hakusema kitu.

Mzee yule wa Kizungu alikuja siku ya Jumatatu. Nilimpangia kadi 43 juu ya mkeka, migongo juu, ili aione rangi yake kabla ya picha. Kwa kinywa cha dereva nikamwambia: hizi ni 43 za zamani, saba hazimo, kijana huyu anazo zilizochapwa baadaye, ukizitaka utaziona kando, lakini hazitachanganywa. Alizishika moja moja kwa muda mrefu. Hakutoa bei ya mabati 4, maana hakupata alichokitafuta. Alitoa ya mabati 2 kwa zile 43, nami nikakubali. Zile saba nyeusi hakuzitaka. Mabati mawili yaliyobaki wazazi walichanga, moja likafungwa kabla ya mvua na la pili baada ya mvua kubwa mbili, na katika mvua hizo watoto walisoma wamebanana upande mmoja.

Ama kijana, nilimshauri akaziuze kadi zake kwa jina lake. Alizunguka kwa walimu wa shule na kwa wazazi akisema wazi: hizi ni picha za marudio, si za kale, zafaa kumfundishia mtoto. Ameuza seti 18 kwa sh. 8,000 kila moja, akapata sh. 144,000. Moja alinipa mimi, na 11 zimo nyumbani kwake. Amepoteza zaidi ya nusu ya fedha yake, na sehemu yake ya duara haikurudi. Sitawaficha hilo, kwani ukweli haukumlipa hasara yake. Ulimzuia tu asiihamishe hasara hiyo kwenda kwa mtu mwingine.

Basi, enyi vijana, mkitaka kununua vitu vya namna hii, zingatieni haya. Usinunue picha bila ya kugeuza nyuma. Usinunue maneno usiyoyaelewa. Mtafute mwenye kuyajua akusomee mpaka mwisho. Uliza kitu hicho kilichapwa lini, na nani, na kama chaweza kuchapwa tena. Ukiambiwa kwamba bei yake haishuki, fahamu ya kuwa anayekuambia hivyo anataka kukiuza. Na kama roho yako yakipenda kitu chenyewe, kwa uzuri wake au kwa elimu iliyomo, kinunue marudio yake kwa bei ya marudio, ukifurahie, wala usikiite akiba. Akiba ya nyumba ni chakula ghalani, ada ya mtoto na deni lililolipwa.

Nanyi wazazi, mkiwa na vitu vya wazee wenu makabatini, msidhani kila kilicho cha kale ni hazina, wala msikitupe kwa kukidharau. Waulizeni wazee wangali hai kilitoka wapi. Na mkiviuza, semeni kilichopungua kabla ya kusema kilichotimia.

Lile kopo bado liko juu ya kabati langu. Ndani yake imo sasa ile seti aliyonipa kijana, kadi 50 za wino mweusi, na juu ya kifuniko nimeandika kwa mkono wangu neno moja: MARUDIO. Jioni, baada ya darasa, huwatolea watoto kadi moja, nao humtaja mnyama kwa Kisukuma kisha kwa Kiswahili. Na siku ile ya kwanza nilipoifungua seti hiyo peke yangu, nilizitafuta zile namba saba. Nilikuwa nimezingojea tangu utotoni, na baba mdogo alikufa bila ya kuziona. Zilikuwamo zote. Nilizitazama mpaka taa ikaanza kufifia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wauzao kwa kubainisha na wanunuao kwa kuangalia. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam.

Ni mimi ndugu yenu, Mwalimu wa chuo, Mwakitolyo, Shinyanga.